Sanamu linalodai damu ya binti

Jumapili asubuhi, kuanzia Musoma mjini hadi Butiama na Bunda, barabara hujaa familia zinazokwenda ibadani. Mara haikosi makanisa. Wamennonite walianza kazi Shirati mwaka 1934, na Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililofungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama. Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste nao wapo kwa wingi.

Hata hivyo, likizo ya Desemba ikifika, baadhi ya familia hizo hizo humpeleka binti kwa ngariba. Si makabila yote ya Mara yana mila hii, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kitaifa ni asilimia 8.

Tukisikia neno sanamu, wengi tunafikiria kinyago au mzimu. Wahubiri wa siku hizi huongeza fedha, simu na mpira. Mzazi anaweza kujipima kwa swali moja: ni kitu gani ninachokiogopa kiasi cha kukitolea mwanangu?

Ng'ombe na midomo ya watu

Mzazi hamkeketi binti yake kwa chuki. Anaogopa. Binti ataitwa msagane, mahari itapungua, bibi atanuna, wazee wa mila wataitenga familia. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kuchekwa. Lakini hofu inapoamuru mtoto amwage damu, na mzazi Mkristo akatii, imeshakaa kwenye kiti cha Mungu.

Walawi 18:21 inakataza kumtoa mtoto kwa Moleki. Katika Mwanzo 22, Ibrahimu aliponyanyua kisu juu ya Isaka, Mungu ndiye aliyemzuia. Tohara iliyoagizwa katika Biblia ni ya wanaume. Hakuna mstari unaoagiza binti akeketwe.

Mwilini kunatokea nini?

Ukeketaji hauna faida yoyote kiafya. Binti anaweza kuvuja damu nyingi hadi kufa, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na kuishi na maumivu kwa miaka. Madhara humfuata hadi leba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2006, uliohusisha wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kuwa waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji, kuvuja damu baada ya kujifungua na kupoteza watoto wachanga.

Ni kosa la jinai pia. Tangu 1998, anayemkeketa au kusababisha akeketwe binti wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake, anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili.

Ibada ianzie nyumbani

Baba na mama, kubalianeni kabla shule hazijafungwa, kisha waambieni bibi, shangazi na wajomba kwa sauti moja. Binti akienda likizo kijijini, mjue analala wapi na kwa nani.

Wenye watoto wa kiume wana nguvu kubwa kuliko wanavyodhani. Familia ikitamka mbele ya kanisa kwamba itaoa binti ambaye hajakeketwa, na mahari haitapungua hata ng'ombe mmoja, hofu ya upande wa pili inakosa pa kusimama.

Mafunzo ya kumwandaa binti kuwa mtu mzima yanaweza kubaki, pamoja na nyimbo, chakula na zawadi. Kinachoondolewa ni kisu.

Ukiona binti yuko hatarini, piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Butiama ina nyumba salama inayopokea mabinti wanaokimbia kukeketwa. Wengine wamewahi kukimbia usiku, kwa miguu, kutoka katika nyumba za wazazi wanaosali.