Testosteroni na Mwanamke wa Makamo: Suala la Tiba na la Istilahi

Utangulizi

Kifungu "homoni ya kiume" kimezoeleka mno katika Kiswahili hivi kwamba ni wachache wanaokitilia shaka. Ndicho hutumiwa aghalabu kuifafanua testosteroni. Wakenya wengi waliifahamu homoni hii kupitia riadha. Mnamo Aprili 2018, shirikisho la kimataifa la riadha lilitangaza kanuni za kuwawekea baadhi ya wakimbiaji wa kike mpaka wa kiwango cha testosteroni. Miongoni mwa walioathiriwa alikuwa Margaret Wambui, aliyekuwa ameipatia Kenya medali ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Rio de Janeiro mwaka wa 2016. Mjadala uliofuata uliwaachia wengi dhana kwamba testosteroni ni kitu kigeni katika mwili wa mwanamke.

Makala haya yananuia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi, kueleza tiba ya testosteroni kwa wanawake wa makamo, na kubainisha kwa nini jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili jijini Nairobi sawa na linavyomhusu mwanafunzi wa udaktari.

Testosteroni ni nini?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu hadi viungo vingine, ambako huamuru kazi fulani ifanyike. Jina "testosteroni" lilianza kutumika mwaka wa 1935, kundi la watafiti wa Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilipoitenga kemikali hiyo kutoka kwenye korodani za fahali. Mwaka uo huo Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kivyake, waliiunda maabarani. Mwaka wa 1939 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hivyo, jina lenyewe limebeba korodani ndani yake, na upendeleo huo umerithiwa na kila lugha iliyolikopa.

Mwili hauufuati upendeleo huo. Ovari za mwanamke na tezi zilizo juu ya figo huchangia katika utengenezaji wa testosteroni maisha yake yote ya utu uzima. Kiwango chake ni kidogo, takribani sehemu moja ya kumi hadi ya ishirini ya kile cha mwanamume, lakini kina kazi. Isitoshe, estradioli, ambayo ndiyo estrojeni kuu ya mwanamke kabla ya ukomo wa hedhi, huweza kutengenezwa moja kwa moja kutokana na testosteroni. Hiyo inayoitwa homoni ya kiume, basi, ni malighafi ya ile inayoitwa homoni ya kike.

Mabadiliko ya umri wa makamo

Mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, pasi na sababu nyingine kama vile mimba au maradhi. Kwa wengi hali hii hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Estrojeni hushuka sana, na hapo ndipo huja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na ukavu wa uke.

Testosteroni hufuata mkondo tofauti. Huanza kupungua polepole tangu mwanamke akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na afikapo miaka arobaini na kitu hubaki karibu nusu. Haiporomoki hedhi inapokoma. Anayeipoteza kwa ghafla ni mwanamke aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji.

Tiba na mipaka yake

Mwaka wa 2019 mashirika kadhaa ya kimataifa ya wataalamu yalitoa tamko la pamoja kuhusu matumizi ya testosteroni kwa wanawake. Tamko hilo lilitambua sababu moja tu yenye ushahidi wa kutosha: upungufu wa ashiki unaomsumbua mwanamke aliyekoma hedhi, baada ya daktari kuchunguza sababu nyingine, zikiwemo sonona, dawa anazotumia na uhusiano wake na mwenzake. Manufaa yaliyopatikana katika tafiti yalikuwa ya wastani. Halikupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza testosteroni kwa ajili ya kuongeza nguvu za mwili, kuchangamsha moyo, kunoa kumbukumbu au kuimarisha mifupa.

Mambo mengine matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, kipimo cha damu pekee hakitoshi kutambua tatizo. Hutumiwa hasa kuhakikisha kwamba kiwango hakipiti kile cha kawaida cha mwanamke. Pili, tiba isipoleta nafuu katika muda wa miezi sita, yafaa isitishwe. Tatu, sindano na vipandikizi vinavyopandisha homoni kupita kiasi havikupendekezwa. Usalama wa matumizi ya miaka mingi haujathibitishwa.

Tatizo kubwa ni upatikanaji. Kibandiko cha ngozi kilichokusudiwa wanawake kiliidhinishwa barani Ulaya mwaka wa 2006, kisha kikaondolewa sokoni mwaka wa 2012. Australia iliidhinisha krimu ya wanawake mwaka wa 2020. Pasipo na dawa ya aina hiyo, madaktari hulazimika kutumia geli ya wanaume kwa kipimo cha takribani sehemu moja ya kumi. Anayefuata karatasi ya maelezo ya geli hiyo kama ilivyoandikwa hujipaka dozi ya mwanamume. Matokeo yake yanaweza kuwa chunusi, nywele kuota usoni, kinembe kukua na sauti kuwa nzito. Na sauti iliyokwisha badilika huenda isirudi ilivyokuwa.

Lugha katika chumba cha daktari

Kutoka katikati ya jiji kuelekea magharibi, msafiri hupita Westlands, penye kliniki za kibinafsi za madaktari wa wanawake, na akiendelea kwenye barabara ya Waiyaki Way hufika Kangemi. Lavington nayo imepakana na Kawangware. Umbali ni mfupi, lakini pengo la huduma ni pana. Mnamo Juni 2013 serikali ilitangaza huduma za kujifungua bila malipo katika vituo vya umma, hatua iliyostahili pongezi. Hata hivyo, mwanamke aliyevuka umri wa kuzaa hana mpango wa uzito kama huo.

Tuseme mama wa miaka 52 ameketi mbele ya daktari aliye rika la mwanawe wa kwanza. Daktari amuuliza, "Mama, unasikiaje?" Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, ajibu, "Daktari, sina nguvu." Jibu hili laweza kuwa na maana ya upungufu wa damu, uchovu wa kukosa usingizi, huzuni, au kukosa ashiki. Daktari akichagua maana moja bila kudadisi, atatibu lisilokuwapo. Neno lilo hilo ndilo kete ya wachuuzi: dawa "ya kuongeza nguvu" huuzika kwa sababu kila msikilizaji huijazia maana yake. Nguvu ndiyo hasa ambayo ushahidi haukuiahidi.

Tafsida "hamu ya tendo la ndoa" nayo ina kasoro. Humweka kando mjane na asiyeolewa, kana kwamba miili yao imenyamaza. Aidha, Kiswahili kina nomino "uhanithi" kwa tatizo la mwanamume, ilhali la mwanamke huelezwa kwa mzunguko wa maneno. Kisichokuwa na jina ni vigumu kukilalamikia.

Mapendekezo na hitimisho

Wataalamu wetu wamewahi kulishughulikia pengo la istilahi za sayansi. Mfano ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka wa 1990. Kazi hiyo haina budi kuendelezwa. Tunapendekeza "testosteroni" itumike bila kibandiko cha "homoni ya kiume". "Ukomo wa hedhi" litumike kwa uthabiti badala ya istilahi kubadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Na "upungufu wa ashiki" liingizwe katika mafunzo ya wahudumu wa afya, kwa kuwa lina staha na halibagui. Karatasi za maelezo ya dawa nazo zitafsiriwe kwa Kiswahili kinachotaja dozi na mhusika waziwazi.

Tafsida ni pambo la adabu, nasi hatuna nia ya kuivunja. Lakini adabu inayomrudisha mama nyumbani na dawa ya ugonjwa asiokuwa nao imemdhulumu. Mfasiri wa matini za tiba ana wajibu wa kumpa maneno anayoweza kuyatamka mbele ya daktari bila kujivunjia heshima.