Eringeti: Salongo inafungua njia za mashamba, lakini mpaka wa Virunga inasimama

Njia ya pori haikawii kufa. Mvua ikinyesha majuma machache bila mtu kupitisha panga, majani yanaifunga, maji yanachimba katikati, na muti ulioanguka unabaki palepale. Wakaaji wa Eringeti, kilometa karibu 60 kaskazini ya muji wa Beni kwenye barabara ya kitaifa namba 4, wanajua jambo hilo vizuri. Njia ikifungwa, kakao inabaki shambani na mugonjwa anachelewa kufika kituo cha afya.

Dawa ya zamani inaitwa salongo. Neno hilo la Kilingala lilienea nchini katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mobutu, na wakati ule ilikuwa kazi ya lazima. Leo bado kuna sehemu ambako asiyefika analipishwa faini. Lakini kwa njia ndogo ya shamba hakuna haja ya kumusukuma mutu: anayepita pale ndiye anayejua faida yake. Wanakuja na panga, jembe na beleshi. Kazi ya kwanza ni maji: wanachimba mifereji pembeni ili mvua isikate njia. Kisha wanafyeka, wanajaza mashimo kwa mawe, na kwenye kijito wanalaza miti ya kuvukia.

Lakini huku, kufyeka si kazi ya mikono tu. Mwisho wa Novemba 2015, waasi wa ADF walishambulia Eringeti na kuua watu, hata ndani ya kituo cha afya. Tangu hapo wakulima wengi wameuawa ao kutekwa wakiwa mashambani. Kwa hiyo, mbele ya kushika panga, watu wanauliza kwanza habari za usalama. Njia iliyo wazi inamusaidia mukulima kuona mbali na kukimbia haraka. Iliyofungwa inamuficha adui. Lakini kuisafisha kunamutaka mutu aende kulekule anakoogopa.

Upande wa mashariki kuna Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1979. Pale salongo inasimama. Mbuga inasimamiwa na ICCN, na raia haruhusiwi kuingia na panga bila ruhusa, hata kama nia yake ni nzuri. Walinzi wenyewe wanalipa kwa damu: zaidi ya 200 wamekufa kazini katika historia ya mbuga hiyo.

Hata hivyo, Virunga ina njia zinazohitaji mikono mingi. Mufano ni ile ya kupanda Ruwenzori kutoka Mutwanga. Inapita nyumba za kulala za Kalonge, kwenye meta karibu 2.100, Mahangu, karibu 3.300, na Kiondo, karibu 4.200, ikielekea barafu ya kilele cha Margherita, chenye meta 5.109. Kule juu matope yanameza miguu, na madaraja ya miti yanaoza kwa unyevu. Usalama ukikosa, watalii hawaji. Wasipokuja, wabeba mizigo na waongozaji wa vijijini wanakosa kazi, na miguu iliyokuwa inaifanya njia ionekane inapotea.

Watu wa Beni hawakosi ujuzi wa kazi hiyo. Anayejua kupitisha maji pembeni ya njia ya kakao anajua pia kuyapitisha pembeni ya njia ya mulima. Kinachohitajika ni mambo matatu: usalama kwanza, kisha ruhusa na walinzi wa ICCN pamoja na wanaojitolea, na faida inayorudi kijijini. Bila hiyo ya tatu, mukulima atasema kweli yake: njia ya shamba inamulisha, ile ya mulima inalisha wengine.

Kwa sasa, Eringeti inaendelea na njia zake ndogo. Mvua ikikatika na habari zikiwa nzuri, panga zinatoka.