Usiuze Filta Usiyoijua Historia Yake: Mimi Ilinigharimu

Hii ni ndefu kidogo ila soma mpaka mwisho, hasa kama una vitu vilivyotumika umevipanga stoo unasubiri mteja.

Mimi nauza matangi ya samaki na vifaa vyake. Shule niliishia form four, haya ya samaki nimejifunza mwenyewe, kwa kuuliza watu na kwa kuua samaki wangu. Siku moja kuna jamaa alikuwa anahama, akaniachia vifaa vyake vyote kwa bei chee: filta tatu na pampu mbili. Filta moja ni ile ya kopo kubwa inayokaa chini ya kabati na mipira miwili. Mbili ni zile ndogo za kuning'iniza kwenye ukingo wa tangi. Nikaona nimelamba dume.

Nikapiga picha, nikaposti: "Imetumika kidogo, iko fiti kabisa." Ile ya kopo ikaondoka jioni ileile kwa 150,000. Aliyenunua ni dada mmoja mwenye tangi la maji ya chumvi, ana samaki, kamba na matumbawe.

Siku ya nne simu inaita. "Kaka, kamba wangu wote wamekufa. Konokono nao wamekufa. Samaki wazima."

Nikampigia yule jamaa aliyeniuzia. Akaniambia kirahisi tu, "Ile filta nilikuwa natibia nayo samaki wenye vidoadoa vyeupe." Dawa yenyewe ina madini ya shaba. Samaki wanaivumilia ikipimwa vizuri. Kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Na vile vijiwe na sponji za ndani ya filta vinainyonya, halafu vinaiachia polepole kwenye maji mapya. Mimi nilisuuza kwa nje nikaona inang'aa, nikauza.

Nilirudisha 150,000 yote. Kamba niliwalipa kwa awamu mbili. Filta ikarudi nyumbani na zile mbili nikaziondoa kwenye matangazo. Mtaji umelala, na roho inauma.

Sasa nikajiuliza: kama siwezi kuviuza, vinaweza kunifanyia kazi gani kwenye tangi langu la maji ya chumvi? Hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitegemea.

1. FILTA YA KOPO: TANGI LA KARANTINI

Sponji na vijiwe vyote vya zamani nilitupa. Kopo nikaliosha, nikaandika kwa rangi nyekundu KARANTINI. Halitakaa liingie tangi kubwa tena. Linahudumia tangi la pembeni la samaki peke yao, hakuna kamba humo. Samaki mgeni anakaa huko wiki nne kabla ya kuuzwa au kuingia tangi kubwa.

Siri moja hapa: filta mpya haina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, halafu nitrati. Kuwakuza kuanzia sifuri inachukua kama wiki nne mpaka sita. Kwa hiyo nina sponji moja imekaa muda wote tangi kubwa. Mgeni akija, naihamishia kwenye kopo ikiwa mbichi hivyohivyo, bakteria wameshakaa. Ikishaingia karantini hairudi tena. Naweka nyingine mpya tangi kubwa.

2. FILTA NDOGO YA KWANZA: SHAMBA LA MWANI

Hizi mbili ndogo jamaa alinihakikishia hazikuwahi kuguswa na dawa, ila sponji za ndani nilitupa vilevile. Sitaki hadithi tena.

Ya kwanza nimeiweka mwani, ule wa kijani unaofanana na waya wa kusugulia sufuria. Juu nimeweka kataa kadogo ka LED. Taa inawaka usiku wakati taa za tangi zimezimwa, hiyo inasaidia hali ya maji isiyumbe sana. Mwani unakula nitrati na fosfeti, yaani chakula kilekile ambacho kingelishwa ule uchafu wa kijani kwenye vioo. Ukijaa unapunguza ngumi moja unatoa nje. Mimi huwa nawapa wateja kama nyongeza, wanafurahi kweli.

3. FILTA NDOGO YA PILI: KIBARUA WA SIKU MOJA

Hii haikai tangini. Nikisafisha vioo na mchanga, maji yanachafuka, naining'iniza na pamba safi ya filta, kesho yake natoa. Maji yakianza unjano naweka mkaa maalum wa filta kwa siku chache. Ikimaliza kazi, naosha, naanika.

Kwa nini nisiiache humo? Kwa sababu mabaki ya chakula yaliyonasa kwenye pamba yanaoza humohumo, na nitrati inapanda. Wengi wanalaumu filta kumbe hawajaifungua miezi miwili.

4. PAMPU: KUKOROGA MAJI YA CHUMVI

Pampu zilikuwa zimeganda ukoko mweupe. Nikaziloweka kwenye siki usiku mmoja, nikasugua kwa mswaki, zikazunguka. Moja inakoroga maji mapya kwenye pipa: chumvi ya akwaria gramu kama 35 kwa lita, mpaka kipimo kisome 1.025, na naiacha ikoroge usiku kucha. Nyingine ni akiba. Pampu ya tangi huwa inakufa usiku, siku ambayo maduka yamefungwa.

ANGALIZO LA UMEME

Umeme ukikatika saa nyingi, usiwashe filta ya kopo hivihivi ukirudi. Maji yaliyofungiwa humo yameishiwa oksijeni, bakteria wamekufa, yananuka. Ukiwasha, unasukumia samaki sumu. Fungua, mwaga, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndio uwashe. Na waya wa umeme uache uning'inie chini kidogo kabla haujapanda kwenye soketi, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

SASA TURUDI KWENYE BIASHARA

Vifaa vile ningeviuza, ningepata hela mara moja. Leo samaki wangu wanatoka karantini ndio wanaenda kwa mteja, na malalamiko ya "samaki amekufa siku ya pili" yamepungua sana. Nikirekodi video ya ule mwani kwenye filta kuukuu, inboksi inajaa maswali, na wanaouliza wengi wananunua kitu.

Hata kama wewe unauza blenda, simu au cherehani, kabla hujaposti kitu kilichotumika jiulize:

- Kilitumika wapi?
- Kilifanya kazi gani?
- Kilikutana na nini ambacho kinaweza kumdhuru mteja wangu?

Majibu yaandike kwenye tangazo lako, hata kama yanashusha bei. Ukikosa majibu, usiuze. Kitafutie kazi hapohapo dukani kwako.

Yule dada hajawahi kununua tena kwangu. Ila stetasi zangu anaangalia kila siku, na wiki iliyopita kwa mara ya kwanza aliuliza: "Huo mwani unauza?" Nikamwambia, "Dada, huo nakupa. Umekulia kwenye filta ambayo haijawahi kuguswa na dawa." Hajajibu bado. Namsubiri.

Wewe una kifaa gani kimelala stoo? Andika hapo chini, tukitafutie kazi pamoja.