Kanzu Ndogo ya Samweli

(Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Samweli 2:18–21)

Kila shule zinapokaribia kufungwa tunaletewa swali lile lile na wazazi, na mara nyingine na watoto wenyewe: Je, mtoto wa miaka 13 au 14 aweza kufanya kazi gani ya kujipatia senti kidogo, naye asiharibikiwe?

Tukipita Kibokoni alasiri, katika vichochoro vilivyo karibu na Fort Jesus, tunawaona. Huyu anamwoshea muuza kahawa vikombe. Binti yule ameketi barazani na sinia la kashata za mama yake. Mwingine anasukuma mkokoteni kutoka Marikiti, na mzigo umemzidi kimo. Mwingine tena anawafuata wageni akiwaonyesha njia, hata asiowajua kabisa, na huyo ndiye anayetutia hofu zaidi. Wote wataambiwa kwamba wanafanya kazi, lakini mambo hayo si mamoja.

Tuanze na sheria, maana wengi wetu hatuijui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 13 asiajiriwe kwa namna yoyote. Aliye na miaka 13 hata 16 aweza kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru afya wala kumzuia kwenda shule. Tena mtoto asiajiriwe katika kazi za viwanda kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi. Basi kuuza kashata barazani kwa saa moja baada ya shule si kosa, wala kupanga bidhaa dukani Jumamosi. Mkokoteni ule si kazi nyepesi, hata kama kijana mwenyewe anajisifu kwamba ana nguvu.

Lakini sheria haikai dukani pamoja na mtoto. Ndiyo sababu leo tumesoma habari za Samweli. Alikuwa mtoto bado alipotumika Shilo mbele ya kuhani Eli, na moja ya kazi zake, twaiona katika sura ya 3, ilikuwa kufungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi. Kazi nyepesi, ya heshima. Hata hivyo mahali pale hapakuwa salama kama tunavyodhani, kwa maana wana wa Eli walikuwa watu wabaya, wakinyang'anya nyama za sadaka. Sasa mtazameni Hana. Kila mwaka alipanda na mumewe kutoka Rama, akamletea mwanawe kanzu ndogo aliyomshonea. Wanawake mnaoshona mtatuelewa: huwezi kumshonea mtoto anayekua pasipo kumtazama, amerefuka kiasi gani, amenenepa au amekonda. Hana alikuwa akimpima mwanawe.

Mlinganisheni na yule kijakazi wa nyumba ya Naamani, katika 2 Wafalme 5. Alitekwa kwao akapelekwa ugenini kumtumikia mke wa bwana mkubwa. Hata jina lake hatulijui, wala hatusomi kwamba mtu wa kwao alikwenda kumwona. Ndugu, tunao wasichana kama huyo katika nyumba za mji huu, waliotolewa mashambani wakaambiwa watasomeshwa, na sasa wanaosha vyombo tangu alfajiri. Baadhi yao wamo katika nyumba za Wakristo. Kanisa letu la pwani halina udhuru hapa. Mwaka 1875 Frere Town, ng'ambo ya kisiwa hiki, ilianzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na wengi wao walikuwa watoto. Kengele yao ingali pale Kengeleni.

Na sisi wenyewe tuungame. Mama mmoja mjane wa usharika wetu alikuwa na mwana wa miaka 14 aliyetaka kumsaidia. Tulimshika mkono kijana yule tukampeleka kwa fundi wa samani tuliyemfahamu siku nyingi. Tulipatana kazi iwe Jumamosi tu. Baada ya miezi miwili mwalimu wake akatuletea habari kwamba kijana analala darasani, na Ijumaa haonekani kabisa. Kumbe alikuwa akipaka vanishi katika chumba kisicho na dirisha hata saa tatu usiku, na ujira wake ulikuwa ni kuambiwa, “Nimekuwekea.” Mambo ya Walawi 19:13 yakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi, na huu ulikuwa umelala wiki nane. Nasi tulikuwa tukipita njia ile kila wiki, tukimpungia fundi mkono, wala hatukuingia ndani hata mara moja.

Tulikwenda pamoja na mama yake kudai. Tulipewa nusu.

Mara ya pili tulienda kwa mzee mmoja Mwislamu, mshona kanzu, mwenye duka dogo Kibokoni. Kabla hatujataja fedha alimwuliza kijana, “Wasoma wapi? Mwalimu wako ni nani?” Kisha akamwuliza mama kama ameridhika. Tuliona haya, kwa kuwa yule wa kwanza hakuuliza neno, nasi hatukumwuliza neno.

Sasa kijana yupo pale Jumamosi asubuhi. Hushona vifungo, huokota vipande vya nguo, huandika vipimo vya wateja katika daftari. Adhana ya adhuhuri ikilia mzee hufunga duka, humpa ujira wake mkononi, humwambia aende nyumbani akale. Na mama yake, arudipo sokoni, hupitia pale na kikapu chake. Humwamkia mzee, husimama kidogo mlangoni akimtazama mwanawe, halafu huenda zake.