Kalemie: Malaria inapolegeza ukuta unaolinda ubongo wa mtoto

Jioni mtoto ana homa, anakataa bukari, analala. Asubuhi mama anamwita, haitiki; macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa. Katika vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini na kusini ya Kalemie, jambo hilo linajulikana, na si mara chache jamaa huanza kwa kuuliza ni nani aliyemroga. Saa zinapita, na katika ugonjwa huu saa ndizo zinazoamua.

Hospitalini hali hiyo inaitwa malaria ya ubongo. Wengi hudhani kwamba vijidudu vimeingia kichwani na kuanza kula ubongo. Sivyo. Kijidudu kinachoua zaidi, Plasmodium falciparum, kinabaki ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zinabaki ndani ya mishipa. Kinachoharibika ni ukuta wa mishipa yenyewe.

Sehemu nyingi za mwili, ukuta wa mishipa midogo huachia maji na vitu vingi vipite. Kwenye ubongo ni tofauti: seli za ukuta zimeshonwa pamoja kwa protini, na kila kinachopita kinachaguliwa. Sukari na oksijeni zinapita, sumu nyingi zinazuiwa, hata dawa nyingi pia. Lakini kijidudu kinapokomaa ndani ya chembe nyekundu, kinaotesha juu yake vinundu vyenye protini inayonata. Chembe hizo zinajishikiza kwenye mishipa midogo kabisa, zikikwepa bandama ambako zingechujwa na kuharibiwa. Kwa kijidudu hayo ni maficho. Kwa mtoto ni kama daraja la Lukuga kuzibwa na magari: damu inapita kwa shida, seli za ukuta zinaumia, mshono unalegea, na maji ya damu yanavujia ubongoni. Ubongo unavimba, lakini fuvu halipanuki.

Uthibitisho ulitoka Blantyre, Malawi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa. Kati ya walionusurika kulikuwa pia na wenye ubongo uliovimba, ila kwao uvimbe ulishuka. Maana yake ukuta ukilegea bado unaweza kukaza tena, mtoto akiishi hadi hapo.

Je, hakuna dawa ya kupunguza uvimbe? Zimejaribiwa. Deksametazoni ilipimwa Thailand, na mwaka 1982 ikaonekana inarefusha usingizi wa mgonjwa badala ya kumwamsha. Manitoli ilipimwa Kampala, haikuonyesha faida. Kinachookoa ni kuua kijidudu haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5.425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba waliopewa sindano ya atesuneti walifariki 8,5 kwa mia, na waliopewa kinini 10,9 kwa mia. Waganga hupima pia sukari ya damu, kwa sababu ikishuka mtoto hupoteza fahamu hata dawa ikifanya kazi.

Kunusurika nako kuna bei. Nchini Uganda, miaka miwili baada ya ugonjwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alionekana na upungufu wa akili, wa kukumbuka au wa kuwa makini. Mwalimu anaweza kumwita mvivu bila kujua historia yake.

Kalemie ina mbu mwaka mzima, na ina kambi za waliokimbia vita ambako familia nzima hulala chini ya hema moja. Kutoka vijiji vingine hadi hospitali ni mtumbwi au pikipiki, na ziwa likichafuka hakuna mtumbwi.

Chanjo ya R21, inayozuia kijidudu kabla hakijafika kwenye damu, ilianza kutolewa nchini mwezi wa Oktoba 2024. Ilianzia Kongo Central, upande wa pili wa nchi.