RAM ya ruta haiongezi kasi ya intaneti

Wenye steshenari na hosteli, kuanzia Kolandoto jirani na chuo cha afya hadi Geita mjini, hawachoki kuuliza: ruta ya zamani iongezwe RAM kwa bei gani ili intaneti ikimbie? Swali limepotoka tangu mwanzo. RAM ya ruta hubeba programu inayoiendesha, orodha ya mawasiliano yaliyo wazi, na foleni ya data inayosubiri kutoka. Kasi inatokana na laini unayolipia, Wi-Fi na kichakataji. Ruta ya Cisco 1841 inapokea RAM kutoka MB 128 hadi 384. Ijaze yote, kichakataji chake kitabaki na ukomo uleule wa pakiti 75,000 hivi kwa sekunde.

Tena nafasi kubwa ya kuhifadhi data inayosubiri inaweza kukuumiza. Laini ikiwa ya Mbps 2 na MB 1 imejipanga kwenye foleni, pakiti inayofika mwisho itasubiri sekunde 4, na simu ya WhatsApp itakatikakatika ingawa bando lipo. Mhandisi Jim Gettys aliandika kuhusu tatizo hili mwaka 2011, na dawa iliyopatikana ilikuwa programu ya kusimamia foleni, wala si chipu. Vilevile kuchomeka flashi kwenye tundu la USB la ruta ya TL-MR3420 ili kuongeza RAM ni upotevu mtupu: tundu lile ni la modemu, na flashi ni ghala la mafaili, haigeuki RAM. Usiuziwe uongo huo.

Utauliza, mbona ruta ikiganda, nikiizima na kuiwasha inapona? Kwa sababu orodha ya mawasiliano imefutwa, au programu iliyokuwa inavuja RAM imeanza upya. Ukiongeza RAM bila kuziba uvujaji, unaahirisha tu kuganda. Mara nyingine mkosaji ni adapta iliyochoka au joto la ruta iliyofungiwa kabatini. Nakubali, watengenezaji wa OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, wenyewe wanaonya kwamba flashi ya ndani ya MB 4 na RAM ya MB 32, kama zilivyo kwenye ruta nyingi za TL-WR841N, hazitoshi kwa matoleo mapya. Hapo RAM inasaidia programu ienee na isianguke. Lakini kwenye TL-WR841N chipu imeshikiliwa kwa lehemu, na fundi akiteleza ubao wote umekufa.

Kwa hiyo: badilisha adapta kwa yenye volti zilezile, ipe ruta hewa, sasisha programu, jaribu chaneli 1, 6 au 11 za Wi-Fi, wekea kila mtumiaji ukomo, na kama OpenWrt ipo washa SQM, ile programu ya kusimamia foleni, kwa asilimia 90 hivi ya kasi ya laini. Mwenye 1841 anunue RAM ya aina ileile iliyotumika, tena pale tu programu inapokataa kuingia. Hata hivyo ajue huduma ya mtengenezaji ilikwisha 2016. Mwenye ruta ya MB 32 asimpe fundi hela ya lehemu, aitunze anunue yenye MB 128 au zaidi.