MTOTO YUKO DARASA LA TATU. JE, ANAJUA KUSOMA?



Mzazi akiulizwa habari za mtoto wake shuleni, mara nyingi hujibu: "Yuko darasa la tatu." Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Darasa linatuambia mtoto amekaa shuleni miaka mingapi. Halituambii anajua nini. Leo tunaeleza jambo hilo, maana ninyi mliohitimu kisomo mnaweza kumpima mtoto wenyewe, nyumbani kwenu.

KKK ni nini?

KKK ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Masomo mengine yote yanategemea haya matatu. Mtoto asiyejua kusoma hawezi kujifunza sayansi kitabuni. Hata hesabu zitampiga chenga, kwa sababu maswali mengine yameandikwa kwa maneno. Akifika darasa la nne kuna upimaji wa taifa unaotungwa na Baraza la Mitihani. Hapo mtoto yuko peke yake na karatasi yake. Hakuna wa kumsomea swali.

Hali ilivyoonekana

Mwaka 2010 watu wa mpango uitwao Uwezo walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya mbalimbali za Tanzania. Waliwapa watoto maneno na hadithi fupi ya Kiswahili. Hadithi ile ilikuwa ya kiwango cha darasa la pili tu. Matokeo yalishtua watu. Kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, kama 3 tu ndio waliweza kuisoma. Na kati ya watoto 10 wa darasa la saba, 2 hawakuweza. Hebu fikirini: mtoto kaenda shule miaka saba, hadithi ya darasa la pili inamshinda!

Serikali ilichukua hatua. Mwaka 2014 mkoa wa Kigoma uliingizwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania, na walimu wa madarasa ya chini wakapewa mafunzo ya kufundisha KKK. Mwaka 2015 ulianza mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, ambao muda wake mwingi ulikuwa wa KKK. Mwaka 2016 michango ya lazima ikaondolewa. Watoto wengi sana wakaandikishwa, na madarasa mengi yakajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Hapo ndipo mzazi anapohitajika.

Mambo ya kwetu ziwani

Tuchukue mfano wa Mwamgongo. Kijiji hiki kipo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Ukitoka Kigoma mjini unapanda boti pale Kibirizi. Mtoto wa huku ana mambo mawili ya kuangaliwa.

Jambo la kwanza ni lugha. Watoto wengi husikia Kiha nyumbani. Mtoto amezoea kusema "amazi", lakini kitabuni anakuta "maji". Anaweza kulitamka neno la kitabu vizuri kabisa na asijue maana yake. Si kwamba ni mjinga. Bado hajalizoea neno. Basi msimkataze Kiha. Msimulieni hadithi kwa Kiha, kisha mwambieni aisimulie tena kwa Kiswahili.

Jambo la pili ni kazi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mtoto akikesha ziwani au mwaloni, asubuhi anasinzia darasani, au haendi kabisa. Kusoma hufundishwa kwa hatua: kwanza sauti za herufi, kisha silabi, kisha neno, kisha sentensi. Aliyekosa wiki ya silabi anarudi na kukuta wenzake wako kwenye maneno. Kila siku anaachwa nyuma zaidi.

Kukariri si kusoma

Kuna watoto wanaokariri ukurasa mzima. Mwalimu au kaka akiusoma mara nyingi, mtoto anaushika kichwani. Ukimwambia "soma", anatiririka kama maji. Kumbe anaangalia picha tu! Kwa hiyo mpimeni hivi:

1. Funika picha kwa mkono. Mwambie aanzie katikati ya ukurasa, sio mwanzo.

2. Mpe maandishi ambayo hajawahi kuyaona. Gazeti hili linafaa. Hata maneno ya kwenye mfuko wa unga yanafaa.

3. Akimaliza, muulize: "Imesema nini?" Asiyeelewa hajasoma bado. Mtoto anayesoma kwa taabu, herufi moja moja, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshampotea. Huyo anahitaji mazoezi mpaka maneno yatoke kwa wepesi.

4. Mwambie aandike sentensi moja yake mwenyewe, bila kunakili popote.

5. Mpe hesabu ya nyumbani. Mfano: Mama ameuza mafungu 7 ya dagaa, kila fungu shilingi 500. Mteja ametoa shilingi 5,000. Arudishiwe ngapi? Mafungu 7 ni shilingi 3,500. Chenji ni shilingi 1,500. Usitazame jibu peke yake. Mwambie aeleze alivyolipata.

Akishindwa, tufanyeje?

Kwanza, asipigwe wala kuchekwa. Mtoto mwenye hofu huficha asichokijua, na ukishafichwa ugumu wake huwezi kumsaidia.

Pili, nendeni kwa mwalimu mapema, tangu darasa la pili. Msingoje darasa la saba. Msiende kugombana. Semeni: "Mwalimu, silabi hizi zinamshinda. Tumsaidieje nyumbani?"

Tatu, mpeni robo saa kila siku kabla giza halijaingia. Asome kwa sauti, nanyi msikilize. Vitabu vya kisomo vya miaka ya 1970 vilifundisha watu wazima kwa kazi zao, kama pamba, migomba na uvuvi. Mtoto naye atajifunza kwa kuhesabu samaki, kupima mawese na kuandika majina ya wadeni wa mama.

Nne, kwenye mkutano wa wazazi msiulize habari za madawati na choo tu. Iulizeni kamati ya shule: "Watoto wangapi wa darasa la pili bado hawajui kusoma, na tumepanga nini juu yao?" Swali hili likiulizwa kila muhula, litajibiwa kwa vitendo.

Ninyi wenyewe mmeshika kalamu ukubwani, mnajua uchungu wa kuomba kusomewa barua. Msikubali mtoto amalize shule na uchungu huo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kusoma na kukariri kuna tofauti gani?

2. Katika kijiji chenu, ni kazi zipi zinazowakosesha watoto masomo? Zipangwe vipi?

3. Wiki hii, kila mmoja ampime mtoto mmoja. Mmegundua nini?